Siku ya arobaini: nani alishangilia hukumu ya bunduki ya New York, na kwa nini

SWALI: Mwalimu, jambo. Natoka Uvira, naishi Buffalo, jimbo la New York, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mei 2022 walipouawa watu kumi pale dukani Jefferson Avenue, duka lile nilikuwa naendaga kununua unga na mboga. Mwezi uliofuata korti kubwa ya Marekani ikasema sheria yetu ya bunduki haifai. Sisi tulilia. Lakini nikaona wengine wanashangilia, na kati yao wamo Weusi, hata wachungaji. Mpaka leo neno hilo linatugawanya kanisani. Nani alifurahi, na kwa nini? Na je, ni kweli sasa kila mtu anaruhusiwa kutembea na bastola? Kijana wangu wa miaka 23 anasema hata yeye anaweza.

JIBU: Mama, jambo sana, na pole, ingawa pole yangu imechelewa.

Nilipoisoma barua yako nilichukua kalenda nikahesabu. Kutoka Jumamosi ya tarehe 14 Mei 2022, siku ya mauaji yale, hadi Alhamisi ya tarehe 23 Juni, siku ya hukumu, ni siku arobaini kamili. Kwetu Pwani siku ya arobaini watu hurudi nyumbani kwa marehemu, ikasomwa hitima, sufuria zikapanda mekoni. Majirani zako siku yao ya arobaini waliletewa hukumu. Sidhani kama kuna jaji hata mmoja Washington aliyeipiga hesabu hiyo, lakini ukitaka kujua kwa nini Buffalo ilipokea habari ile kama tusi, anza hapo.

Sasa hukumu yenyewe. Walioshtaki walikuwa chama cha wenye bunduki wa jimbo la New York pamoja na wanaume wawili wa kaunti ya Rensselaer, na aliyeshtakiwa ni Bruen, mkuu wa polisi wa jimbo, ndiyo maana kila mtu anaiita kesi ya Bruen. Wale wanaume hawakuwa wamenyimwa bunduki. Bunduki walikuwa nazo na leseni walikuwa nazo, ila leseni zenye masharti, za kuwindia na kulengea shabaha. Walichotaka ni ruhusa ya kutembea na bastola iliyofichwa kwa ajili ya kujilinda. Mmoja alieleza kwamba mtaani kwake kumetokea wizi mfululizo na kwamba amesoma kozi ya usalama wa silaha. Jaji mwenye dhamana ya leseni akamwambia haitoshi.

Kwa nini haitoshi? Kwa sababu sheria ya New York, iliyotungwa mwaka 1911 na kuongezewa makali mwaka 1913, ilimtaka mwombaji awe na "sababu ya msingi", na mahakama za jimbo zilikuwa zimekwisha kuamua kwamba sababu hiyo lazima iwe hatari inayokuandama wewe binafsi kuliko watu wengine. Kuishi kwenye mtaa wenye wezi si hoja, maana na jirani yako anaishi hapohapo.

Majaji sita dhidi ya watatu walilifuta sharti hilo. Jaji Clarence Thomas, aliyeiandika hukumu, alisema hajui haki nyingine yoyote ya kikatiba ambayo mwananchi huruhusiwa kuitumia baada tu ya kumwonyesha ofisa wa serikali kwamba ana shida ya pekee. Huhitaji kumweleza ofisa kwa nini unataka kusali au kuandika gazetini. Basi na silaha iwe vivyo hivyo, maana nayo imetajwa katika katiba yao tangu 1791.

Hapo ndipo ninapokuomba utulie kidogo, kwa sababu sisi wa Afrika Mashariki na Kongo tunaisoma habari hii kwa miwani yetu. Huku kwetu bunduki ni kitu cha kuomba. Kenya, mwombaji anatakiwa amridhishe ofisa wa leseni kwamba ana sababu nzuri. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna anayeshangaa kuulizwa "ya nini?" Mtu wa Uvira ndiyo kabisa: huko mwenye bunduki kwa kawaida hakuiomba popote, na ukimwona njiani unakata kona. Kwa hiyo mahakama ikisema serikali haina ruhusa ya kumuuliza mtu "ya nini?", sikio letu linasikia "kila mtu ajichukulie". Mmarekani aliyeshangilia alisikia kitu kingine kabisa: kwamba kuanzia siku ile serikali ndiyo itakayojieleza kwake.

Jambo jingine lililosemwa kwa sauti ya chini mno siku ile ni kwamba majimbo 43 tayari yalikuwa yakitoa leseni bila kudai sababu ya namna hiyo. Texas, tangu Septemba 2021, hata leseni yenyewe ya kubeba bastola ilikuwa haihitajiki kwa watu wazima wengi. Hukumu iliyagusa majimbo sita, yaani New York, New Jersey, Massachusetts, Maryland, California na Hawaii, pamoja na jiji la Washington. Machache kwa idadi, ila wanaishi humo karibu robo ya Wamarekani wote. Mtu wa Houston, huko Texas, aliyeonekana kwenye televisheni akifurahi alikuwa anafurahia harusi ya jirani.

Waliolia unawajua, sitakaa sana hapo. Gavana Kathy Hochul alikuwa mbele ya waandishi wa habari, akitia saini sheria ya vitufe vya dharura mashuleni, habari ilipomfikia. Hebu ipige picha: wiki nne na ushei tu zimepita tangu watoto 19 na walimu wawili wauawe shuleni Uvalde, Texas; gavana ana kalamu mkononi kwa ajili ya kengele za kuwaokoa watoto; na habari inaingia kutoka Washington kwamba sheria ya zaidi ya miaka mia moja imevunjwa. Alikasirika waziwazi. Akasema kama majaji wanataka kuturudisha enzi katiba ilipoandikwa, yeye yuko tayari turudi kwenye silaha za enzi hizo. Alitaja bunduki za kizamani ambazo sisi tungeziita magobole, yale ya kushindiliwa baruti mdomoni kwa kijiti. Utani ule ulisambaa kuliko hoja yoyote ya kisheria iliyotolewa siku hiyo, na kusema kweli ulibeba hoja ndani yake, nitairudia. Rais Biden alisema hukumu inapingana na akili ya kawaida na katiba pia. Meya wa jiji la New York wakati ule, Eric Adams, Mweusi na kapteni mstaafu wa polisi, alisema hawatakubali jiji ligeuke kuwa nchi ya kikauboi.

Na Buffalo yenu, mama, iliingia mpaka ndani ya kurasa za hukumu. Jaji Stephen Breyer, aliyepinga, alianza kwa kutaja kwamba mwaka 2020 Wamarekani 45,222 walikufa kwa bunduki, kisha akaorodhesha mauaji ya halaiki, na ya kwenu yakiwemo. Jaji Samuel Alito, aliyekuwa upande wa walioshinda, akamjibu kwa swali: yale ya Buffalo yalitokea New York kwenyewe, na sheria hii ilikuwepo; ilizuia nini?

Nimeulizwa mara nyingi Alito alikuwa sahihi au la. Tukio alilolitaja ni la kweli, lakini halithibitishi alichotaka kuthibitisha. Sheria ile ilihusu bastola za kufichwa. Muuaji wa Buffalo alikuwa kijana wa miaka 18 aliyenunua bunduki ndefu dukani kwa njia halali, akaibadilisha ibebe risasi nyingi kuliko jimbo linavyoruhusu, kisha akaendesha gari saa kama tatu kutafuta mtaa wa Weusi. Kumlaumu mlinzi wa geti la mbele kwa mwizi aliyeingilia dirishani si haki. Ila upande wa pili nao una mfupa wake kooni. Pale dukani palikuwa na mtu mwema mwenye bunduki, mlinzi, polisi mstaafu. Alifyatua, risasi ikampata muuaji ikagota kwenye fulana ya kuzuia risasi, na yeye akauawa. Kwa hiyo waliosema "sheria ingetuokoa" na waliosema "bastola kiunoni ingetuokoa" wote waliyabeba majeneza ya Jefferson Avenue kwenda kuthibitishia mambo ambayo majeneza yale hayathibitishi.

Sasa walioshangilia. Chama cha taifa cha wenye bunduki kilishangilia, hilo si la kushangaza, kulilia haki hiyo ndiyo kazi yao. Wenye bunduki wa vijijini kaskazini mwa New York walifurahi kwa sababu rahisi: wao leseni waliyonayo ni ya kuwindia, na wameishi wakimwona mtu wa kaunti ya jirani, mwenye jaji mpole zaidi, anapata asiyopata yeye.

Lakini waliokutatiza wewe ni wengine, nami hapa nitachukua muda.

Mwaka 2021, kesi ilipokuwa bado inasubiri, walalamikaji walipata barua ya kuwaunga mkono kutoka upande usiotegemewa hata kidogo: mawakili wa kuwatetea watu wasio na uwezo wa kulipa wakili, wa Bronx na Brooklyn, sehemu za jiji la New York, wakiwemo mawakili Weusi wa shirika kongwe la msaada wa kisheria la jiji. Hawa ni watu wa mrengo wa kushoto, wengi wao hawajawahi kushika bunduki. Walichoiambia mahakama ni hiki: ninyi mnaijadili sheria hii kama kizuizi cha bunduki, sisi tunaiona kila siku kama kesi za vijana wetu. Waliandika kwamba Weusi walikuwa asilimia 18 ya wakazi wa jimbo, lakini mwaka 2020 walikuwa asilimia 78 ya walioshtakiwa kwa kosa kubwa la kumiliki bunduki kinyume cha sheria.

Tazama sheria ile ilivyofanya kazi mtaani. Kijana wa Bronx, hana rekodi, ameibiwa mara mbili, anaweka bastola ndani ya gari. Kwenda kuomba leseni kwenye kitengo cha polisi wa jiji kulihitaji dola 340, bila kuhesabu ada ya alama za vidole, kisha miezi ya kusubiri, kisha swali la "sababu ya msingi" ambalo karibu hakika angeanguka. Polisi wakilisimamisha gari lake, hatashtakiwa kwa kukosa karatasi. Kubeba bastola yenye risasi bila leseni nje ya nyumba yako huko kunahesabiwa kuwa kosa la ukatili, hata kama hukumwelekezea mtu, na kifungo chake kinaanzia miaka mitatu na nusu hadi 15. Wakati huohuo mfanyabiashara wa Manhattan anayesafirisha vito au fedha taslimu anapita, ana sababu. Na palipo na ofisa mwenye hiari ya kusema ndiyo au hapana bila kipimo, wewe wa Uvira na mimi wa Dar hatuhitaji kuambiwa kinachofuata: mwaka 2017 waendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho waliwashtaki watu waliokuwa maofisa wa kitengo hichohicho cha leseni kwa rushwa.

Sheria yenyewe ilizaliwa katika miaka ambayo wahamiaji wa Kiitaliano ndio waliokuwa wakinyooshewa kidole kwa visu na bastola. Karne moja baadaye vidole vilikuwa vimehamia kwa wengine.

Kwa hiyo mawakili wale hawakushangilia bastola. Walishangilia kuona hiari ya ofisa imevunjwa. Niseme pia wazi kwamba hawakuwasemea Weusi wote. Meya Adams aliona kinyume, mwendesha mashtaka wa Manhattan, Alvin Bragg, naye Mweusi, aliona kinyume, na majirani zako waliotoka kuzika waliona kinyume. Mama aliyempoteza mtoto kwa risasi na mama aliyempoteza mtoto kwa kifungo cha miaka saba wanaweza kukaa benchi moja kanisani, na hukumu hii ikawagawa. Nadhani ndicho unachokiona kwenu.

Kelele zenyewe, ukizipima kwa siku, zilidumu siku moja. Alhamisi ileile ya hukumu Seneti ilipitisha sheria ya kwanza kubwa ya bunduki kwa takriban miaka 30, na Biden akaisaini Jumamosi. Ijumaa katikati, mahakama ileile ikaifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, na nchi nzima ikageukia huko. Utasoma mahali kwamba hukumu ya Bruen ndiyo iliyoshusha imani ya Wamarekani kwa Mahakama ya Juu hadi asilimia 25 katika kura ya maoni ya Gallup ya Juni 2022. Si kweli: Gallup walikuwa wamekwisha kuuliza watu kabla ya hukumu zote mbili. Imani ilikuwa chini tayari.

Kilichofuata ndicho kinachokuhusu zaidi. Bunge la jimbo liliitwa haraka, na siku nane baada ya hukumu, tarehe 1 Julai, gavana akasaini sheria mpya iliyoanza kazi tarehe 1 Septemba 2022. Swali la "ya nini?" likaondolewa, mengine yakaingia: mafunzo ya saa 18, mbili kati yake za kufyatua risasi kweli, usaili wa ana kwa ana, wadhamini wanne wa tabia, majina ya watu wazima unaoishi nao, hata akaunti zako za mitandao ya kijamii. Kisha ikaja orodha ndefu ya mahali ambapo hata mwenye leseni haruhusiwi kuingia na silaha: treni za chini ya ardhi, bustani za umma, baa, shule, nyumba za ibada, na eneo la Times Square, ambako mabango ya kutangaza marufuku yalifungwa kwenye nguzo za taa juu ya vichwa vya watalii waliokuwa wakipiga picha.

Na hapo ndipo wachungaji wako walipoingia. Wachungaji wawili Weusi, mmoja wa Niagara Falls na mwingine wa Buffalo hapohapo, walifungua kesi kupinga kukatazwa silaha makanisani mwao. Mtu aliye mbali anaweza kucheka: mchungaji na bastola! Lakini ni Wakristo Weusi gani wa Marekani waliosahau Charleston, Juni 2015, watu tisa walipouawa kwenye ibada ya masomo ya Biblia na mgeni waliyemkaribisha? Oktoba 2022 jaji wa shirikisho wa Buffalo aliwakubalia kwa muda. Mwaka 2023 bunge la jimbo likairekebisha sheria ili watu waliokabidhiwa ulinzi wa nyumba ya ibada waruhusiwe. Desemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa iliacha sehemu kubwa ya sheria mpya isimame, ila ikalikataa sharti la kukabidhi akaunti za mitandao.

Niliahidi kurudia lile gobole. Jaji Thomas alisema kuanzia sasa sheria ya bunduki itapona tu ikifanana na desturi ya nchi ya kudhibiti silaha tangu enzi za waasisi. Majaji wa chini wakageuka wanahistoria kwa lazima, wakifukua sheria za karne ya 18 kutafuta kitu kinachofanana na treni ya chini ya ardhi. Mwaka 2023 mahakama moja ya rufaa ya kusini ikafikia kusema kwamba hata mwanamume aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumpiga mwenzi wake hawezi kunyang'anywa bunduki, kwa kuwa waasisi hawakuwa na sheria kama hiyo. Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama ya Juu iliifuta hukumu hiyo kwa kura nane dhidi ya moja, na ile moja ilikuwa ya Thomas mwenyewe. Mimi hilo linanieleza zaidi kuhusu ubora wa kipimo chake kuliko machozi na vigelegele vyote vya 2022.

Haya, kijana wako. Hapana, si kila mtu. Leseni New York bado ni lazima, na umri ni kuanzia miaka 21, kwa hiyo kwa umri anaweza kuomba. Asubiri mafunzo, wadhamini na usaili. Na jina lako, kama anaishi kwako, litaandikwa kwenye fomu. Akibeba bila leseni, lile kosa la miaka mitatu na nusu lipo palepale, hukumu haikuligusa. Na hili likazie nyumbani kwa lugha anayoielewa vizuri: kama bado hajawa raia, kupatikana na hatia ya kosa la bunduki ni sababu ya kufukuzwa nchini hata akiwa na kadi ya kijani. Mwenzake aliyezaliwa Buffalo atatumikia kifungo arudi nyumbani. Yeye anaweza kutumikia kisha akapandishwa ndege.

Kanisani, wanaotaka kusimama mlangoni na silaha wawe na leseni ya kubeba, na kanisa liwe limewakabidhi kazi hiyo ya ulinzi; asiwe kila baba mwenye wasiwasi. Duka nalo, mwenye mali ana haki ya kukataza silaha humo, na bango mlangoni linatosha.

Kijana akishikilia, mwambie aanzie ofisi ya karani wa kaunti ya Erie, aachane na rafiki wa Pennsylvania mwenye bastola ya kuuza. Leseni ya Pennsylvania New York haitambuliwi, na kununua bastola kienyeji kwa mtu wa jimbo jingine ni kosa la shirikisho, ambalo halina uhusiano wowote na Bruen.